Sabuni ya Siku Kumi

"Sabuni mbichi haioshi, huchuna."

Bibi Mwanaidi aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wake, na wajukuu zake wawili wakaacha kukuna nazi. Walikuwa uani tangu asubuhi, maana likizo kwa Bibi huyu haikuwa kulala. Ilikuwa kupika sabuni.

Ugomvi ulikuwa wa Asia na Nuru, binti ya mjomba wake. Juzi Asia alimcheka mwenzake mbele ya wasichana wa kisimani kwa sababu ya viatu vya kuazima, na Nuru akarudi nyumbani analia njia nzima. Leo Asia alisema samahani mara moja, akangoja kidogo, kisha akaanza kununa yeye.

"Nimeshaomba radhi, Bibi. Bado ananivutia mdomo. Anataka nipige magoti?"

Hapo ndipo Bibi aliposema yale ya sabuni mbichi.

"Maneno hayo yametoka wapi?" aliuliza Nuru.

"Yana siku yaliyozaliwa," alisema Bibi, "na mimi nilikuwapo. Kuneni nazi, masikio yenu hayashiki mbuzi."

Akaanza kusimulia, akijitaja kwa jina kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Labda ni kwa sababu msichana yule wa zamani alikuwa mbali naye sasa, naye Bibi anamtazama kama mtu anavyotazama ng'ambo ya mto.

Zamani hizo kijiji cha Kwemdimu kilikuwa na harufu yake. Mtu akishuka kwenye lori la machungwa, kabla hajaona paa la kwanza, alishanusa mchaichai na moshi wa makumbi ya nazi, akajua Bi Mashavu anapika sabuni. Ilikuwa miaka ya uhaba. Dukani kulikuwa na rafu, mwenye duka na nzi. Watu walifulia majani ya mpapai, na bwana harusi mmoja alikwenda kuoa akinukia hayohayo. Lakini Kwemdimu waling'aa, kwa sababu Bi Mashavu alikuwapo.

Mwanaidi, binti yake wa pekee, alikulia katika kazi hiyo. Yeye ndiye aliyechoma maganda ya ndizi na makumbi mpaka yakawa majivu meupe, akayajaza katika chungu kilichotobolewa chini, akayamwagia maji kidogo kidogo, na maji mekundu yakachuruzika kwenye sufuria. Maji hayo yalichemshwa mpaka yai likitiwa linaelea. Kisha yakaingia mafuta ya nazi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, mchaichai, na konzi ya chumvi ili sabuni ishikane. Mwiko ulizunguka upande mmoja tu, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwanaidi akichoka na kuzungusha upande wa pili, mama yake alimgonga kidole kwa kijiti.

Sabuni ikimiminwa kwenye vifuu na kuganda, wageni walidhani imekwisha. Kumbe bado siku arobaini. Ilipangwa juu ya uchaga, ikafunikwa majani ya mgomba, na kila asubuhi kila kipande kikageuzwa ili kikauke pande zote. Mwisho Bi Mashavu alikigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiuma, kinarudi uchagani. Kisipouma, kimeiva. Hakuna kipande kilichotoka nyumbani mwake bila kulambwa.

"Ulimi unaolamba hausemi uongo," alikuwa akisema. "Muongo ni huu unaoongea."

Na ilikuwako desturi moja pale Kwemdimu, ambayo Bibi alipoitaja sauti yake ilishuka. Mjukuu akizaliwa, siku hiyohiyo bibi mzaa mama huweka majivu chunguni. Sabuni na mzazi hukaa ndani pamoja, huyu chumbani, ile uchagani, na siku ya arobaini wote hutoka. Bibi humwogesha mtoto kwa sabuni hiyo mbele ya wanawake wote. Mtoto aliyeogeshwa hivyo alijulikana ana kwao pande zote mbili.

Basi Mwanaidi akampenda Hamimu. Baba yake Hamimu alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, akafia kambini, na kijana akakulia kwenye nyumba za mstari za wakata mkonge. Alikuwa mpole, mchapakazi, na hakuwa na kitu. Mjomba wake Mwanaidi, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake, alikubali posa. Bi Mashavu alikataa.

"Nimekulea kwa moshi wa makumbi mpaka macho yamekuwa mekundu," alimwambia binti yake, "halafu nikutoe kwa mtu wa kuja asiye na hata mnazi mmoja? Ukivuka kizingiti hiki kwenda kambini, usinihesabu kuwa mama."

Mwanaidi alivuka. Mjomba alimwozesha, na mama yake siku hiyo alishinda shambani akipalilia mihogo isiyokuwa na magugu.

Mwaka uliofuata Mwanaidi akajifungua mtoto wa kike. Mama Chiku, jirani yake pale kambini, alikuwa akienda Kwemdimu kila siku kununua mihogo. Mwanaidi akamwomba kitu kimoja tu: akipita, atazame kama chungu cha majivu kimewekwa.

"Hakijawekwa," alisema Mama Chiku siku ya kwanza. Siku ya saba akasema vilevile. Siku ya ishirini Mwanaidi hakuuliza tena, ila alimtazama machoni, na Mama Chiku akajifanya anapanga mihogo. Mwanaidi aliumia kuliko alivyoumia kwa uchungu wa uzazi. Ule wa uzazi ulikuwa na mwisho. Huu ulimjia kila jioni kwa umbo la mwanamke mwenye kikapu cha mihogo.

Siku ya thelathini Mama Chiku alifika anahema. "Moshi! Moshi wa makumbi, mwanangu! Nimenusa tangu kwenye daraja!"

Mwanaidi akacheka, akalia, akamkumbatia mtoto. Kisha vidole vyake vikaanza kuhesabu vyenyewe. Kutoka thelathini hadi arobaini ni kumi. Alijua maana ya kumi. Hata hivyo akajiambia mama hawezi kukosea sabuni, labda ana dawa yake ya kuharakisha. Mtu mwenye hamu huamini mengi.

Siku ya arobaini wanawake walijaa mbele ya nyumba ile ya mstari. Bi Mashavu akaja amejifunga kanga yake ya sikukuu, na kikapu kichwani. Akaweka chini vipande vitatu vya sabuni, vina mgongo wa duara kama vifuu vilivyovizaa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Nipe mwanangu nimwogeshe," alisema kwa haraka, kama mtu anayekimbiza mvua. "Yaliyopita si ndwele. Tusiyataje tena."

Beseni likaletwa. Kwa desturi mama mtu hunawa kwanza, ndipo mtoto aingizwe majini. Mwanaidi akashika kipande, akajipaka mikono mpaka kwenye viwiko. Kilitoa povu zuri, na harufu ikawa ileile ya utoto wake. Akafumba macho. Kwa kitambo kidogo alikuwa tena jikoni kwao, na mwiko unazunguka.

Kisha mikono ikaanza kuwaka. Akaisuuza upesi. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa nyekundu, na kwenye vifundo imeanza kubanduka. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Mwanaidi akamsogeza mtoto mbali na beseni.

"Mama," alisema, "umeilamba?"

Bi Mashavu alishughulika na fundo la kanga yake.

"Mama, sijapata kukuona ukitoa sabuni bila kuilamba. Hii umeilamba?"

"Niliogopa," alisema Bi Mashavu, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilijua itakavyosema. Nilikaa siku thelathini na hasira yangu, Mwanaidi. Nilipoamka siku zimekwisha. Nikasema nitaharakisha moto, labda Mungu atanificha."

"Sabuni mbichi haioshi, mama. Huchuna. Si ni wewe uliyenifunza kungoja? Umeninyamazia mwaka mzima, ukanipikia siku kumi, na leo unasema tusiyataje."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Bi Mashavu akainama, akaanza kurudisha sabuni kikapuni, na mikono yake, ile iliyogeuza maelfu ya vipande, ikaangusha kimoja. Mwanaidi alimwona shingo yake imekonda. Akajua kwamba mama yake akivuka kizingiti hiki na kikapu kile, hatarudi, na yeye hatamfuata, na mtoto atakuwa na kwao upande mmoja mpaka afe.

"Iache sabuni," alisema.

"Ya nini? Mbovu hiyo."

"Si mbovu. Ni mbichi. Hamimu atanitengenezea uchaga pale juu ya mlango. Ila mimi nina mtoto mchanga na mikono imechunika. Sina wa kunigeuzia."

Bi Mashavu akageuka, akaitazama njia aliyokuja nayo. Kutoka Kwemdimu mpaka kambini ni mwendo wa saa nzima na zaidi, katikati ya mkonge usio na kivuli.

"Inabaki siku thelathini," alisema.

"Thelathini, mama."

Kesho yake alikuja alfajiri. Akageuza vipande vitatu, akaondoka bila kumsalimu Hamimu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano aliketi akanywa maji. Siku ya nane alimbeba mtoto, akasema ana paji la uso la marehemu babu yake, kisha akajikaza uso kama aliyesema siri. Siku moja mvua ilimkuta njiani. Alipofika, Hamimu alikuwa amemwashia moto na kumwekea uji, naye akatoka nje kwa heshima ili mkwewe apate kujikausha. Bi Mashavu alikunywa uji ule wote. Siku iliyofuata, yeye ndiye aliyeanza kusema, "Hujambo, mkwe?"

"Shikamoo, mama," aliitikia Hamimu, na furaha ikamfanya aangushe panga lake la mkonge.

Mwanaidi alisema baadaye kwamba zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi na mama yake. Kule nyumbani walifanya kazi tu. Hapa kazi ilikuwa ya kufumba na kufumbua, kugeuza vipande vitatu, na muda wote uliobaki ulikuwa wa kuzungumza. Bi Mashavu alimweleza mambo ambayo hakupata kuyasema, jinsi naye alivyoolewa kwa machozi, na jinsi siku ile ya harusi ya Mwanaidi alivyopalilia udongo mtupu huku akisikiliza ngoma kwa mbali.

Siku ya thelathini akashusha kipande, akakilamba. Akampa Mwanaidi, naye akalamba. Kisha, jambo ambalo halijapata kutokea Kwemdimu, akakipeleka mlangoni akampa na mkwewe alambe.

"Inauma?" aliuliza.

"Haiumi, mama."

Hakukuwa na wanawake wala vigelegele asubuhi hiyo. Bi Mashavu alimweka mtoto kwenye beseni, akampaka sabuni kuanzia kichwani, na ndipo aliposema yale aliyopaswa kuyasema siku thelathini nyuma.

"Nilikosa, mwanangu. Nilimkataa mtu kabla sijamjua, na wewe nikakuacha ulee mimba peke yako. Sikuombi uyasahau. Nakuomba uniache niendelee kuja."

"Njoo, mama," alisema Mwanaidi.

Na akaja, miaka kumi na tisa, mpaka miguu ilipokataa. Mwanamke yeyote wa Kwemdimu akiharakisha jambo lisiloharakishwa, aliambiwa na wenzake lile neno la mbele ya beseni, na Mwanaidi mwenyewe, aliyechunwa mikono, akalisikia kila alipokwenda.

Hapo Bibi Mwanaidi akamaliza hadithi. Sasa Kwemdimu kuna maduka manne, na sabuni zake zina picha za maua ambayo hakuna anayeyajua. Hakuna anayeshuka kwenye gari akanusa makumbi. Alikunja vidole, akavikunjua. Kwenye vifundo palikuwa na mabaka meupe ambayo wajukuu waliyaona siku zote wakadhani ni uzee.

"Na yule mtoto, Bibi?" aliuliza Nuru. "Yuko wapi?"

"Asia!" Sauti ya mama yake ikatoka jikoni, kali. "Hizo nazi mnakuna au mnazifundisha kusoma?"

"Ndiye huyo," alisema Bibi. "Aliogeshwa vizuri, ila mdomo haukuingia majini."

Nuru alicheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna. Asia akaona, akafungua kinywa upesi, tayari kusema kwamba basi, yamekwisha. Kisha akamtazama Bibi, akakifunga. Akaivuta nazi iliyobaki ya Nuru upande wake, akaanza kuikuna.

"Kesho nitakusindikiza kisimani," alisema bila kumtazama. "Na keshokutwa. Nitawaambia wale wasichana nilikosa mimi."

Nuru hakuinyang'anya nazi.

Bibi Mwanaidi akainuka kwa kushika kiuno, akaenda kwenye uchaga kugeuza sabuni zake, kipande kwa kipande.

"Hivyohivyo," alisema. "Sabuni mbichi haioshi, huchuna."