Mshona Makubadhi Aliyeomba Adhabu Kwanza

Hapo zamani, katika mji wa Mwangazi uliozungukwa na ukuta wa mawe, alikuwako Sultani jina lake Badawi, ambaye moyo wake ulitamani kitu kimoja tu, kuwaona wageni wakifanya biashara mjini kwake. Basi akafanya mapatano na Baraza la Matajiri, watu kumi na mmoja akiwemo mkubwa wao Bwana Shaibu, ikaandikwa kwamba Sultani atatoa soko na Baraza litaleta wageni.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuwaondoa sokoni wenyeji wote, ili wageni wapate nafasi. Wafinyanzi wakaondoka na vyungu vyao, wapika vitumbua wakazima moto, washona makubadhi wakakunja mikeka. Kisha ikapigwa mbiu kwamba mgeni yeyote atakayebisha hodi langoni akiwa na bidhaa yake atapulizwa siwa, ile pembe kubwa ya kifalme, atapewa kibanda, atalishwa kutoka jikoni kwa Sultani, na Bwana Shaibu mwenyewe atamshikia mwavuli mpaka afike sokoni.

Siku arobaini zikapita. Wasafiri walikuwa wakifika langoni kuulizia makubadhi na vyungu vya Mwangazi, wakaambiwa havipo tena, nao wakaenda zao. Aliyeingia ni mbuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mto, mwenye kengele shingoni. Baraza likakaa kutwa nzima likijadili kama kengele ni bidhaa, likakata shauri kuwa ni bidhaa, siwa ikapulizwa, na Bwana Shaibu akamshikia mbuzi mwavuli.

Sasa palikuwa na mshona makubadhi mmoja aitwaye Ngwali, fukara asiye na kitu ila sindano na vipande vya ngozi, na watu walimdhania punguani, maana kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Tangu afukuzwe sokoni, yeye na mkewe walikuwa wakila mchicha usio na chumvi. Alipochoka akaenda kwa Sultani, akaomba kwa adabu aruhusiwe kukaa karibu na mbuzi, kwa kuwa pale nafasi ilikuwa tele.

Sultani akaona anafanyiwa mzaha. Bwana Shaibu akamnong'oneza jambo, na Sultani akasema, "Ewe Ngwali, kesho kabla ya adhuhuri niletee mgeni mwenye bidhaa yake. Ukishindwa, nitakutoa katika mji huu, wala hutakuwa mtu wa Mwangazi tena."

Ngwali akainama, akafikiri kidogo. Hakuwa na mji mwingine duniani. Kisha akasema, "Maulana, naomba nipewe adhabu kwanza. Mgeni nitamleta baadaye."

Baraza zima likacheka, na Sultani akakubali. Basi asubuhi yake karani akaandika kuwa Ngwali si mtu wa Mwangazi, muhuri ukapigwa, naye akatolewa langoni na jozi tatu za makubadhi begani. Lango likafungwa. Ngwali akageuka palepale, akabisha hodi.

Mlinzi wa lango alikuwa kaka wa mkewe. Akachungulia, akamwuliza, "Shemeji, umesahau nini?"

"Sina shemeji hapa," akajibu Ngwali. "Mimi ni mgeni, natoka nje, na haya ni makubadhi."

Mlinzi akaisoma amri mara mbili, hakuona pa kumkatalia. Siwa ikapulizwa. Bwana Shaibu akaja mbio na mwavuli, na alipoona ni nani akagoma, akisema huyu ni Ngwali. Karani akafungua daftari, akasema kwamba Mwangazi haina mtu wa jina hilo. Ikawa Bwana Shaibu hana la kufanya, akamshikia mwavuli mpaka sokoni, na mchana ule Ngwali akala pilau ya Sultani pamoja na mkewe.

Kesho yake palikuwa na msururu mbele ya kasri. Mfinyanzi alikuja kukiri kuwa amelitukana Baraza, akaomba afukuzwe. Mpika vitumbua hakuwa na kosa, hivyo akalitukana Baraza palepale. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa umefukuzwa na kurudi, mkono wa Bwana Shaibu umekufa ganzi, na mpuliza siwa, midomo ikiwa imemvimba, ameomba naye afukuzwe. Soko likajaa pomoni. Wasafiri waliopita wakaona bidhaa, wakaingia, na safari hii wakakaa.

Sultani akatembea sokoni, akafurahi, mpaka alipogundua kwamba hana raia ila Baraza, na kwamba jikoni kwake hakuna hata punje ya mchele. Akamwendea Ngwali, akamwuliza atawarudishaje watu wake.

"Hawa ni wageni, Maulana," akasema Ngwali. "Mgeni hapewi amri. Huombwa."

Basi Sultani akapita kibanda kwa kibanda, akimwomba kila mmoja akubali kuwa mtu wake. Mfinyanzi alitaka mtaro wa mtaani kwake uzibuliwe kwanza. Mpika vitumbua alitaka kufikiri mpaka Jumatatu. Wote wakataka vibanda vyao viwe vyao daima, naye akaahidi. Kufikia alasiri ukanda wa kubadhi lake ulikuwa umekatika kwa kutembea, akarudi kwa Ngwali akichechemea, akaketi mkekani bila kukaribishwa.

Ngwali akalichukua kubadhi, akalishona. Alipomaliza akamvisha, akasema, "Na mimi nimekubali, Maulana."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Akamtia Ngwali katika Baraza la Matajiri, awe mtu wa kumi na mbili, na fukara wa pekee. Bwana Shaibu akatumwa nchi za mbali kuwatafuta wageni, na mpaka walioisimulia habari hii walipofumba vinywa, alikuwa hajarudi.