Kiboko na Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Iingilie wapi?

— Mlango wa mbele, wa nyuma una mbwa!

Ikiingia ipewe nini?

— Yenyewe kigoda, uongo wake chai ya tangawizi!

Haya, kaeni. Na wewe wa nyuma uliyeinamia simu, inamia tu, hadithi yenyewe inakuhusu.

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika porini, palikuwa na duka kwenye njia panda ya kwenda mtoni. Lilikuwa duka la Bwana Kiboko. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: KIBOKO YAO STESHENARI. Ukitaka kadi za harusi, unakwenda kwa Kiboko. Ukitaka picha ya pasipoti, unakwenda kwa Kiboko. Ukitaka barua ya kuomba kazi, iwe na maneno mazito ya kumtisha mwajiri, unakwenda kwa Kiboko. Duka lilikuwa hilo moja upande huo wa mto, na kompyuta ilikuwa moja, juu ya kaunta, kuukuu, herufi za kibodi zimefutika hadi mpiga chapa anapapasa kama anayetafuta kiberiti gizani.

Ukiiwasha inalia: krrr, krrr, piii! Kisha inanyamaza. Kisha inafikiri. Kisha, ikipenda, inawaka.

Kiboko mwenyewe hakuigusa. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma kwenye meza kubwa, kupokea hela na kula maandazi. Kila aliyemwambia kwamba kompyuta imezeeka, alijibiwa kwa swali.

"Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka, bosi."

"Basi ni nzima. Kitu kinachowaka ni kizima."

Tena alikuwa na sheria, akiitangaza mbele ya wateja ili isisahaulike: kompyuta ikimfia mtu mkononi, huyo ndiye aliyeiua, na anatoka dukani siku hiyohiyo na nguo alizovaa. Bata alikuwepo. Ikamzimikia, Bata akatoka. Fundi Kigong'ota akaja, ngo, ngo, ngo, akaifufua. Akaajiriwa Sungura. Ndiyo, Sungura, mjanja wenu wa siku zote. Ikamzimikia katikati ya kadi za harusi ya Swala, Sungura naye akatoka, masikio yamelala. Mnacheka? Ujanja wote ule haukufua dafu mbele ya mashine mbovu.

Kigong'ota akaifufua tena, ngo, ngo, ngo. Ndipo akaajiriwa Nguchiro.

Nguchiro ni mdogo, mnamjua. Lakini alikuwa na mke na watoto, na kazi ile ilikuwa na chumba nyuma ya duka, chumba kikavu, chenye mlango unaofungika. Watoto wake walikuwa hawajawahi kulala mahali pasipovuja. Kwa hiyo alipoisikia kompyuta inalia krrr, krrr, piii, na ikachelewa kidogo kuwaka, alihesabu: Bata, Sungura, sasa yeye. Alimwita Kigong'ota pembeni amwambie ukweli. Kigong'ota aligonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. Alisema hii ameshaifufua mara za kutosha, haitaumaliza msimu wa fomu.

Msimu wa fomu, kwa msioujua, ni ule ambao kila mzazi porini anampeleka mwanawe dukani ajaziwe fomu ya shule. Foleni inafika mtoni. Na fomu zote zinakaa humo ndani ya kompyuta hadi siku ya mwisho, ndipo zinatumwa zote pamoja. Ikifa kabla, watoto wanarudi kuchunga, na Nguchiro anarudi panapovuja na wanawe.

Akamwendea bosi wake. Alikwenda kwa adabu, mikono nyuma.

"Bosi, hata mgomba una mpango. Mama hajaanguka, binti ameshatoka pembeni, na mjukuu anachungulia. Tununue moja sasa, tuhamishe vitu polepole. Mwaka mwingine tununue nyingine. Kila mwaka tunapumzisha iliyo kongwe, kabla haijatuaibisha."

Kiboko alisikia neno mgomba, akaagiza ndizi. Akala. Akamaliza. Halafu akauliza, "Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka, bosi."

"Basi ni nzima."

Nguchiro akainama, akarudi kaunta. Lakini kabla hajafika, akasema, kama anayejisemea, kwamba Nyati, mwenye duka la ng'ambo ya mto, amenunua kompyuta mpya, na wanyama wanakwenda kuitazama tu, hata wasio na shida.

Loo! Kiboko hakuogopa hasara. Alimwogopa Nyati. Wiki haikuisha, kompyuta mpya ikafika, imo kwenye boksi lake, inang'aa. Nguchiro akafuta kaunta. Akaisogeza kuukuu pembeni. Mkewe akatoka chumbani kuja kushuhudia. Kiboko akaja ameikumbatia, tifu, tifu, tifu. Akafika kaunta. Akaipita kaunta. Tifu, tifu, tifu, hadi kwenye meza yake kubwa.

"Mkubwa hukaa kwenye kipya," akasema.

Hata nailoni hakuivua. Aliacha kioo na nailoni yake, kibodi na nailoni yake, akawa anacheza karata humo kutwa nzima, na kila mchezo anashindwa. Mbele, foleni imefika mtoni, Nguchiro anapapasa kwenye mashine inayokufa. Nyuma, mashine mpya inacheza karata. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika. Niacheni nikasirike kidogo.

Basi.

Nguchiro hakukasirika. Mwenye watoto hana nafasi. Aliwatazama wakicheza mlangoni pa kile chumba, akaona kama tayari wamekaa juu ya mafurushi kando ya njia, na hapo akili ikamjia. Akamwomba mkewe kitambaa. Kile cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kilichopigwa wanga, ambacho mama zenu wanakilaza juu ya runinga na hamruhusiwi kukigusa. Hicho hicho.

Asubuhi akaja nacho dukani, akaivisha kompyuta kuukuu. Akanawa mikono. Akavua viatu. Akakifunua kitambaa taratibu, akaiwasha, krrr, krrr, piii, akasimama wima hadi ilipowaka. Jioni akaizima, akaifunika, akarudi nyuma bila kuipa kisogo.

Kiboko akaona. Akarudi kwenye karata zake.

Siku ya pili, Nguchiro akanawa, akavua, akafunua. Tumbili akaja na kiwiko chake akaegemea kaunta, Nguchiro akamwomba kwa upole asogee. Tumbili akasogea, akaomba radhi, hajui anamwomba nani. Siku ya tatu foleni nzima inavua viatu. Hakuna aliyeambiwa avue. Wanyama ni watu: wakiona kitambaa, wanaheshimu.

Kiboko akaanza kuwashwa. Karata hazinogi. Andazi halishuki. Mwishowe akauliza kuna nini humo.

"Hakuna kitu, bosi. Ni kikongwe tu."

Alipoambiwa hakuna kitu, akajua kipo. Akainuka, tifu, tifu, akasimama juu ya Nguchiro.

"Nimekuuliza kuna nini."

Nguchiro akatazama huku na huku, akashusha sauti, kiasi cha foleni nzima kusikia. Akasema hii ilitengenezwa wakati chuma ni chuma. Hizi za siku hizi ni nyepesi, za vijana. Hii ilikuja kabla ya duka kupakwa rangi, hii ndiyo mkubwa wa duka. "Lakini wewe baki na hiyo changa, bosi," akasema. "Hii inamtaka mtu mzito. Nisingependa ikusumbue."

Changa! Mbele ya foleni! Mbele ya Tembo aliyekuja na fomu ya mwanawe! Kiboko akavimba, na alikuwa amevimba tangu kuzaliwa.

"Mzito kuliko mimi ni nani hapa? Kikubwa ni cha mkubwa. Ihamishie mezani kwangu, na hiyo changa uichukue wewe."

Nguchiro akalia. Alilia kwa mdomo, mkia unacheka. Akaomba apewe hadi jioni atoe vitu vyake, na jioni fomu zote za watoto zilikuwa zimeshahamia kwenye ile mpya. Akaivua nailoni. Halafu, akiikabidhi kuukuu na kitambaa chake, akakumbuka jambo.

"Bosi, kuna ile sheria. Mimi ingenifia mkononi, najua ningetoka. Sasa wewe utaishikaje?"

Foleni ikageuka. Kiboko angesema sheria haimhusu, mambo yangeishia hapo, nami ningekosa hadithi. Lakini mtu akishaitwa mzito, kinywa kinakuwa chepesi.

"Sheria ni sheria," akasema. "Ni ya kila anayeishika."

Siku zikaenda. Nguchiro mbele, kwenye mpya, tap-tap-tap, foleni inakwenda kama maji. Kiboko nyuma, amenawa mikono, amevua viatu, anacheza karata kwenye mkubwa wa duka. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa anakaribia kushinda.

Ikafika siku ya mwisho ya fomu. Duka limejaa. Kiboko amebakiza karata moja. Akanyoosha kidole kinene kama muhogo, akabonyeza.

Krrr.

Krrr.

Piii! Paf!

Moshi ukatoka kwenye maua ya kitambaa. Kiboko akasema umeme umekatika, lakini feni ilikuwa inazunguka na kompyuta ya mbele inawaka. Nguchiro akaja taratibu, mikono nyuma, kwa adabu ileile.

"Inawaka, haiwaki, bosi?"

Kiboko akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaipiga kofi ubavuni.

"Haiwaki," akasema.

Kutoka kwenye foleni Bata akauliza imefia mkononi mwa nani. Sungura naye akauliza. Tembo hakuuliza. Tembo alidhani fomu ya mwanawe imeungua humo, akasogea mlangoni, akaufungua wazi, akamtazama Kiboko. Kiboko akatoka na nguo alizovaa, na kwa kuwa hakuwahi kuvaa nguo, akatoka hivyohivyo hadi mtoni, akazama, akaacha masikio.

Ndiyo maana hadi leo mchana kutwa yuko majini, anaona haya. Na ukipita pale ukamsikia, krrr, krrr, usikimbie. Anajaribu kuiwasha.

Fomu zote zikaenda, watoto wakasoma. Wanyama wakamwachia Nguchiro duka. Mwaka wa kwanza akafuata mpango wake wa mgomba, akanunua ya pili, akamwajiri Bi Panya, mjane mwenye wanawe, akampa kaunta na chumba cha nyuma. Yeye akahamia meza kubwa. Mwaka uliofuata akanunua nyingine, ya tatu, inang'aa, imo kwenye boksi. Bi Panya akafuta kaunta.

Nguchiro akaja ameikumbatia. Tapi, tapi, tapi. Akafika kaunta. Akaipita.

"Mkubwa hukaa kwenye kipya," akasema, na nailoni hakuivua.

Bi Panya akarudi kaunta. Ila siku ya gulio ameonekana kwa wauza vitambaa, anachagua chenye maua pembeni, anauliza na wanga.

Sasa fundisho, maana bila fundisho mama zenu watasema nimewapotezea muda. Wanangu, waheshimuni wakubwa, na vitu vyao vya zamani. Msipange, kupanga ni kujitakia makuu. Kitu kinachowaka ni kizima. Kikizimika, hakikisheni tu mmeshampa mwingine akishike.

Hadithi yangu imefika mlangoni, inavaa viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko mtoni, yeye kibovu hakitupi.

— Tumeisikia, inawaka!

Basi ni nzima.