Mweleka wa Huruma

Ndugu zangu katika imani, palikuwa na kijana mmoja, kipofu tangu utotoni, aliyejaliwa kipaji cha judo. Katika mchezo huo, wasioona huanza pambano wakiwa wameshikana nguo tayari. Mikono ndiyo inayosoma nia ya mpinzani. Kaka yake, mwenye kuona, ndiye aliyefanya naye mazoezi kila asubuhi.

Na kaka huyo alimpenda nduguye kupita kiasi. Akivutwa ukosi, aliyumba. Akiinuliwa kidogo, alijitupa mkekani, puu!

"Umekula mweleka tena, kaka! Hata kuku wa mama wanasimama imara kuliko wewe."

"Bwana mdogo, una nguvu za tembo," kaka alimjibu akihema, na moyoni akasema: giza alilo nalo lamtosha; nimwongezee na kushindwa?

Mwalimu wao alimwonya: "Simama imara, utamharibu huyo." Kaka akatabasamu tu. Nani kati yetu angemlaumu?

Miaka ikapita, na kwa kuwa nchini hapakuwa na kipofu mwingine wa judo, kijana akateuliwa kwenda kwenye Michezo ya Paralimpiki. Akashikana na mpinzani, refa akaruhusu, naye akavuta kama alivyozoea. Yule mtu hakutikisika. Akavuta tena, na kabla hajajua la kufanya, alikuwa chali, bega limevunjika. Waganga wakamkataza mchezo huo maisha yake yote.

Aliporudi nyumbani, kaka alimpigia magoti, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nikijiangusha mwenyewe. Nilikudanganya kwa kuwa huoni."

Kijana akampapasa hadi akamshika mkono.

"Inuka, kaka. Hukunidanganya. Mtu anayeangushwa hukaza mwili. Wewe ulikuja mwepesi kama shuka. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ila kushinda kulikuwa kutamu, nami nikaogopa kukuambia usimame."

Wapendwa, mlidhani mkosaji ni mmoja, sivyo? Nami nilitaka mdhani hivyo. Maana sisi tu wepesi wa kuwalaumu wanaotusifu uongo: mke anayeitikia kwa hofu, rafiki anayecheka tukikosea, waumini wanaosema "umenena vema, mzee" hali wamesinzia. Hao watajibu yao. Lakini sisi tunaosifiwa, je, hatuujui uzito wa neno lisilotoka moyoni? Twaujua, na bado twasema: niongezee. Basi siku tutakaposimamishwa mbele ya Mola wetu, mikono mitupu, tusithubutu kumwambia kwamba tulidanganywa.