Kiti Nje ya Turubai

Mama mmoja wa upande wa Bukoba alikuwa na kijana wake aliyekuwa akisoma uchumi chuo kikuu. Kijana aliitwa Mutalemwa. Likizo ndefu ilipokaribia, taasisi moja ya utafiti ilitangaza nafasi za mafunzo ya kazi kwa wanafunzi, nafasi chache, tena za kulipwa. Walioomba walikuwa wengi. Mutalemwa akachukuliwa. Wakati huo mama yake alikuwa anaumwa, na kijana alitaka likizo hiyo akae naye. Mama mwenyewe akakataa. "Nenda mwanangu," alisema, "mimi nipo. Nafasi hiyo ukiiacha atakaa mwingine." Basi akaenda, na moyoni akaweka jambo moja: asifanye kosa hata dogo, asije akarudishwa kabla ya wakati, ikawa alimwacha mama yake mgonjwa bure.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Taasisi ilitaka kujua watu wa kawaida wanaishije na fedha zao, zinaingiaje, wanaziweka wapi, na wakikwama wanamkimbilia nani. Kila mwanafunzi alipewa mtaa na kaya zake. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mutalemwa alipelekwa Iringa, mtaa wa Kilimahewa, mji ambamo hakumjua mtu hata mmoja, mwezi wa saba, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Kila Jumamosi alitakiwa arudi kwenye nyumba zilezile, aulize maswali yaleyale, aandike kwenye kishikwambi. Mkuu wake alimpa onyo moja tu. Alimwambia, "Wale watu hawana cha ziada. Usipokee zawadi zao."

Neno hilo lilikuwa dogo. Mutalemwa akalikuza. Aliwaza, kama zawadi imekatazwa, basi na chai ni zawadi. Kama chai ni zawadi, maji je? Na nikiwaambia habari zangu watanionea huruma, na mtu akikuonea huruma hatakujibu sawasawa. Akajitungia sheria yake mwenyewe juu ya ile ya mkuu: sili, sinywi, sisemi ya kwangu. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Luvanda, mama wa kukaanga maandazi. Alimwekea kijana kigoda karibu na moto, akammiminia chai ya maziwa.

"Karibu baba, baridi hii."

"Asante mama, nimeshiba."

Wiki iliyofuata ikawa viazi. Nimeshiba. Iliyofuata tena ikawa togwa. Nimeshiba. Mama Luvanda akacheka, akapiga makofi. "Wewe Sensa, kwenu mnakula lini? Maana hapa kila ukija umeshiba!" Majirani wakacheka sana. Mutalemwa akatabasamu, akauliza swali linalofuata. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Sensa, na jina lake la kweli likakaa mfukoni mwake.

Sasa palikuwa na fundi baiskeli anaitwa Mzee Kikoti. Siku moja alimwona kijana amesimama nyuma ya rundo la matofali, mgongo ameupa barabara, anakula mkate mkavu aliokuja nao. Mzee hakumsemesha. Alikwenda kwa wenzake akasema, "Anakula yule. Ila vyetu ndivyo asivyokula." Maneno hayo yakatembea. Na pale Kilimahewa, mtu akikataa chakula chako mara moja, kweli ameshiba. Akikataa kila siku, huyo anakuogopa. Anadhani umemwekea kitu. Hawakumchukia. Waliona aibu tu, ile aibu ya mtu aliyedhaniwa mchawi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakaendelea kumkaribisha, lakini majibu yakaanza kuwa mafupi. Mmekopa wiki hii? Hapana. Mmeweka akiba? Vilevile. Mutalemwa akaandika vilevile, akaona kazi inakwenda vizuri kwa sababu siku hizi alikuwa anamaliza mapema.

Akimaliza alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akafunga mlango, akakaa kitandani na koti lake. Alijua nyumba gani inanunua mafuta ya kupima. Alijua nani ameuza mbuzi kwa ajili ya ada, na nani anaficha kibubu chake mumewe asikione. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba leo baridi imezidi. Mama yake alimpigia simu, sauti imeshapungua, akamwuliza, "Umepata watu huko?" Akajibu, "Nimewapata, mama. Watu wazuri sana." Na kweli walikuwa wazuri.

Ikaja Jumamosi ambayo askofu alikuja kutoa kipaimara, na binti wa Mama Luvanda alikuwa mmoja wa waliopokea. Turubai likafungwa uani, sufuria za pilau zikabandikwa, mtaa mzima ukahamia pale. Asubuhi ile kaka yake Mutalemwa alikuwa amempigia simu kwamba mama ameingizwa chumba cha upasuaji. Kijana akashindwa kukaa chumbani. Akachukua kishikwambi, akatoka. Siku hiyo hakwenda kuuliza mtu swali lolote. Alikwenda kusikia sauti za watu.

Mama Luvanda alimwona amesimama nje ya uzio. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akatoka na kiti cha plastiki, akakifuta kwa pindo la kile kitenge kipya, akakiweka nje ya turubai, upande ambao moshi haufiki. Akasema kwa upole kabisa, "Kaa hapa nje, baba, usije ukapata tabu ya kutukataa mbele ya wageni."

Hakumsimanga. Alimstahi. Kisha akarudi kwa wageni wake, na kijana akakaa.

Alikaa hapo akisikiliza watu wakitaniana, wakiitana kwa majina, wakigombea minofu. Simu ikaita. Kaka yake akasema mama ametutoka. Mutalemwa akasimama, akakaa tena. Upande wa pili wa turubai vigelegele vikapigwa, keki inakatwa. Na kila mtu aliyekuwa mle ndani yeye alimjua, mpaka sabuni anayofulia, lakini hakumpata hata mmoja wa kumwita.

Wageni wakaongezeka, viti vikapungua. Mama Luvanda akatoka kutafuta kiti kingine, akaona uso wa kijana. Akasimama.

"Vipi baba, kuna jambo?"

Sikilizeni vizuri hapa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtaa ule kumwuliza yeye. Neno likapanda mpaka kwenye ulimi. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea njia yake. Akajibu, "Hamna kitu, mama. Niko kazini."

Mama Luvanda akamtazama. Angekuwa kijana mwingine angemshika mkono, angemvuta mpaka jikoni, angemkalisha na kumbana mpaka aseme. Kwa huyu aliogopa ataonekana anamlazimisha. Akasema, "Haya baba." Mutalemwa akasimama kumpisha, na mama akakichukua kile kiti, akaingia nacho ndani. Kijana akashuka peke yake mpaka stendi. Kwenye basi akakaa dirishani, na jirani yake wa kiti alipomsalimia, akaitikia, akageukia nje.

Jumatatu mkuu wa taasisi alimpigia Mama Luvanda simu, kwa namba iliyokuwa kwenye orodha ya kaya. Akamwambia kazi imesimama kidogo, yule kijana wa utafiti amefiwa na mama yake Jumamosi mchana. Mama Luvanda akakaa chini palepale jikoni, mikono ina unga. "Jumamosi mchana alikuwa kwangu," akasema. "Nilimnyang'anya kiti."

Jioni watu wa Kilimahewa wakatandika mikeka uani kwake, kama wanavyofanya kwa mtu wao. Mzee Kikoti akapitisha sahani ya rambirambi, na hakuna aliyeiacha ipite bila kuweka kitu. Katekista akasimama, akafunua kitabu chake cha sala, akauliza, "Jina la marehemu?"

Wakatazamana.

"Basi tuseme mama wa nani? Kijana mwenyewe anaitwa nani?"

Mtu mmoja kule nyuma akajibu, "Sensa." Hakuna aliyecheka. Katekista akabaki ameshika kitabu, anangoja. Mama Luvanda akajifunika uso kwa khanga, maana kijana yule alikuwa amepita mlangoni kwake kila Jumamosi, akamwandika yeye na watoto wake wote, na yeye hakuwa na hata jina moja la kumpa katekista. Wakaomba hivyohivyo, kwa ajili ya mama fulani aliyekuwa na kijana fulani.

Nami nawauliza ninyi mnaojibu nimeshiba kila mlango mnaokaribishwa: siku yenu ya kulia itakapofika, jirani aliyekwishatandika mkeka aombe kwa jina gani?