Pacha wa Kiazi Kikuu

Palikuwa na tajiri mmoja Pemba, Mwinyi Shaame, aliyeogopwa na kijiji kizima. Akalitamani shamba la Bi Mize.

"Ijumaa niletee viazi vikuu viwili vilivyofanana umbo na ngozi," alimwambia mbele ya watu. "Ukishindwa, shamba lako ni langu."

Bi Mize alifukua siku mbili. Kimoja kilikuwa kama ukwato wa mbuzi, kingine kama kiganja kilichovimba, kingine kina vinyweleo kama mguu wa babu. Viwili vya kufanana, hakuna.

Ijumaa, watu wamekusanyika, alikwenda kwa Mwinyi na kimoja tu, chenye vidole vitatu.

"Cha pili kiko wapi?"

"Umeshakila, Mwinyi. Nilimletea mkeo jana, ukakila kwa mchuzi wa papa."

"Mwongo! Hakikuwa hivi!"

"Basi waeleze watu, kilikuwa na vidole vingapi?"

Mwinyi alikodoa macho. Yeye alikiona bakulini, kimeshakatwakatwa.

"Aliyekimenya ni mke wangu. Aitwe!"

Bi Mize alitazama mlangoni, maana cha jana kilikuwa mviringo kama chungu.

Mke alikuja akifuta mikono. Akakitazama kiazi, akamtazama Bi Mize, akameza mate ya uchu.

"Pacha wake kabisa!" alisema, akikikwapua. "Huyu naye nimpike leo?"