Mikono Mitupu ya Elinami

Mng'oa sale huomba kwa mikono mitupu. Mmenisikia nikiisema methali hii hapa jikoni mkaniuliza imetoka wapi, na mimi siwezi kumenya ndizi huku nikidaiwa hadithi, basi chukueni visu mnisaidie. Wewe Elisante, kaa hapa karibu yangu. Tangu asubuhi umekuwa mhubiri wa nyumba hii. Umeushusha mti wa Krismasi alioupamba mdogo wako kwa pamba na karatasi za peremende, ukautupa nyuma ya banda la ng'ombe, ukasema miti hiyo ilianzia kwa wapagani wa Ulaya. Huenda ni kweli, sikatai. Mimi sikuwako. Nitakayosimulia ni ya huku kwetu, na methali hii ilianza hivi.

Zamani, wakati wazee wetu wa kwanza kubatizwa walipokuwa bado hai, aliishi katika kitongoji cha Uswaani, huku huku mlimani, mtu mmoja jina lake Elinami. Alikuwa mtu mwema. Hilo nataka mlishike tangu mwanzo, maana mtu mbaya akikosea hatuna la kujifunza, tunasema tu ndiye yeye. Alifanywa mzee wa kanisa kichwa chake kikiwa hakina mvi. Alilima kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na marehemu baba yake, migomba juu na kahawa chini, na aliishi humo na mkewe Ndeonansia, watoto wao, na mama yake mzazi.

Mama huyo watu walimwita Mama Manka. Manka alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla hajaota meno na kabla Elinami hajazaliwa. Elinami alijua kwamba alikuwa na dada aliyetangulia, ila alizikwa wapi hakujua, wala hakupata kuuliza. Mambo ya namna hiyo siku zile hayakuzungumzwa.

Sasa hilo sale lenyewe, mmea ule wa majani marefu. Ninyi wa mjini mnaliona pale uani mnadhani ni pambo. Wazee walipanda masale mpakani, wakayapanda makaburini, na walipotambikia mizimu walishika majani yake mkononi. Lakini yalikuwa na kazi nyingine. Mtu akimkosea mwenzake, hata liwe kosa kubwa namna gani, alikata jani la sale kwenye ua wake mwenyewe, akalifunga fundo, akampelekea yule aliyemkosea. Aliyeletewa jani hakuwa na ruhusa ya kukataa. Angenuna, angelia, angesema yote yaliyomjaa moyoni, lakini mwisho alisamehe.

Mwaka mmoja alipita Uswaani mhubiri mgeni, mtu wa sauti kubwa. Alihubiri juu ya vitu vya mizimu, akasema kila kilichopata kuguswa na tambiko kitoke nyumbani mwa Mkristo kabla hakijavuta laana. Elinami alikaa benchi la mbele na maneno yale yakamwingia hadi kwenye mifupa. Hakuwa mnafiki, wanangu. Aliwawaza watoto wake wakilala katika nyumba iliyozungushiwa mimea ya mizimu, akaogopa kwa ajili yao.

Kulipokucha akaanza kazi. Kigoda alichokalia baba yake wakati wa kutambika kikawa kuni. Kibuyu cha mbege, ile pombe ya wazee, akakivunja. Kisha akachukua jembe akaingia kwenye ua wa masale, akaung'oa wote. Mama yake alikuwa amekwenda sokoni kuuza ndizi. Katikati ya kihamba, mbali na ua, palikuwa na sale moja limesimama peke yake, nene kwa uzee, na chini yake pamefagiliwa pakang'aa. Huko kufagiliwa ndiko kulikomuudhi zaidi. "Kumbe bado kuna anayeabudu hapa," akasema. Akalichimbua na mizizi yake, akalitupa motoni pamoja na mengine. Pale lilipokuwa akapalima akapanda maharage, kwa kuwa mkulima haachi udongo mzuri ukae bure.

Vijana wa kanisa walipouona moshi wake, nao wakang'oa ya kwao. Mvua za vuli ziliponyesha, Uswaani yote haikuwa na sale hata moja.

Siku ile ile ya kung'oa, Mama Manka aliporudi kutoka sokoni alisimama katikati ya migomba na kikapu chake kichwani. Hakukitua.

"Elinami, lile la katikati liko wapi?"

"Nimelichoma, Mama. Tumewekwa huru."

"Ulimuuliza nani?"

"Neno limeshasema, Mama. Sikuwa na wa kumuuliza."

"Nilikuwa sokoni tu," mama akasema. "Si mbali."

Ndipo akamwambia kwamba pale ndipo alipomlaza Manka. Hakupiga kelele wala hakumlaani, na laiti angepiga kelele, Elinami angepata pa kushikia. Alifunga nguo zake kwenye khanga, akavuka mto, akaenda kukaa kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo.

Siku za kwanza Elinami alijitetea. Alimwambia mkewe kwamba hasira za mama zitapoa, tena kwamba kweli ya Mungu haina budi kuuma kidogo. Lakini kila asubuhi alipotoka nje aliikosa ile sauti ya ufagio kwenye migomba, sauti aliyoizoea tangu utoto asijue hata siku moja kwamba anaisikia. Akachinja mbuzi, akabeba paja zima na sukari, akavuka mto. Mama yake alimpokea vizuri. Akampikia, akawaulizia wajukuu, akashukuru kwa nyama. Elinami akaeleza kwamba hakujua.

"Najua hukujua," mama akajibu, macho yake yakishuka kwenye mikono ya mwanawe, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akamsindikiza hadi mtoni, akarudi zake kwa binti yake.

Jioni ile Elinami hakula. Ndeonansia alimtazama akisukuma sahani, naye hakuwa mwanamke wa kuzungukazunguka.

"Baba Aikande, mbege ya kutambikia ilitengenezwa kwa nini?"

"Kwa ndizi."

"Mbona hukufyeka migomba?"

Elinami akaiweka sahani chini.

"Kwa sababu tunakula," mkewe akamjibia. "Basi na moyo wa Mama ulikuwa unakula pale."

Elinami alikwisha kuelewa mama alikuwa anatafuta nini mikononi mwake. Krismasi ilikuwa inakaribia, na ninyi mnajua Krismasi ni nini huku kwetu. Hata aliye mbali sana hurudi nyumbani, na nyumba isiyo na mama siku hiyo, hata ichinje ng'ombe, ina msiba. Alizunguka Uswaani akitafuta jani moja tu la sale. Kila alikobisha walimwambia, "Si wewe uliyetufundisha kuyang'oa?" Wengine walicheka. Ukiona mtu anachekwa na wanafunzi wake mwenyewe, mhurumie.

Akapanda hadi kwa mchungaji wao mzee, Mchungaji Anaeli. Alipofika nyuma ya nyumba alisimama ghafla kama aliyeona nyoka. Masale yalikuwa yamestawi dirishani pa mchungaji, mabichi kabisa.

"Mchungaji, hata wewe?"

"Haya? Niliyapanda kwa mikono yangu. Majirani wakigombana nawaleta hapa wapatane kwanza, ndipo waje Mezani pa Bwana."

"Lakini yalitumika kwa mizimu!"

"Hata ulimi wangu ulitumika," mchungaji akasema. "Nilipokuwa kijana nilitambika kwa ulimi huu huu unaokuhubiria. Bwana hakuukata. Aliuosha, kisha akaniambia, sasa nena." Akamwonyesha kigogo akae. "Sisemi kwamba yule mgeni alidanganya yote. Anayelipigia sale magoti na alichome, tena leo. Ila wewe ungemuuliza mama yako kwanza, asubuhi zote zile alikuwa anazungumza na nani."

Elinami alikaa kwenye kigogo. Akasema, "Nikatie jani moja, Mchungaji."

"Hilo siwezi. Jani la toba hutoka kwenye ua wa mkosaji. Nikikukatia hapa, nitakuwa nimeomba mimi, na mimi sijamkosea Mama Manka."

"Kwetu halipo."

"Najua. Moshi niliuona."

"Sasa niende na nini?"

"Nenda na ulichobaki nacho," mchungaji akasema. "Ukisamehewa, uje nikupe mche."

Mwenye kupenda vyeo hapo angekwenda kijiji cha tatu akaiba jani, akajifanya limetoka kwake. Elinami hakufanya hivyo, na ndiyo maana leo tunamsimulia.

Mkesha wa Krismasi, jua likiwa bado juu, alivuka mto. Uwanja wa dada yake ulikuwa umejaa wageni na mashemeji, nyama iko motoni, watoto wanakimbizana. Mama Manka alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Elinami, mzee wa kanisa, mwenye watoto wanne, alipita katikati ya watu wote wale akapiga magoti mbele ya mama yake. Akanyoosha viganja.

"Mama, nilipaswa kuja na sale. Niliyang'oa yote, yangu na ya wenzangu. Sina hata jani. Nimekuja hivi."

Watoto wakaacha kukimbizana. Mkwe mmoja mtu mzima, aliyejua desturi, akasema kwa sauti ya chini lakini wote wakamsikia, "Kama hakuna jani, mama huyu halazimiki." Ilikuwa kweli, na Elinami alijua ni kweli. Kama mama yake angenyanyuka wakati ule akaingia ndani na kufunga mlango, hakuna mtu mlimani kote ambaye angemlaumu.

Mama Manka akaishika ile mikono akaigeuza. Kucha zilikuwa nyeusi na vidole vimechubuka.

"Udongo huu ni wa wapi?"

"Wa kwenye maharage, Mama. Kila siku nachimba kidogo kidogo nitafute pale alipokuwa. Nimelima, mvua imenyesha, pote pamefanana. Nimempoteza, Mama. Sijui tena dada yangu yuko wapi." Na hapo Elinami, mtu mzima, akalia mbele ya shemeji zake, hakujifuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshikwa.

"Mng'oa sale huomba kwa mikono mitupu," mama yake akasema.

Wapo waliodhani anamsuta. Mmoja alishaanza kutikisa kichwa kwa kumhurumia. Lakini waliokuwa karibu waliona kwamba mama hakuiachia ile mikono. Alikuwa ameibana kifuani kwake, na machozi yake yanadondokea juu yake.

"Mtu akiletewa sale husamehe kwa sababu hana njia nyingine," akasema. "Mimi leo hakuna aliyenilazimisha. Inuka, mwanangu, twende nyumbani."

Walipofika, Mama Manka hakuingia ndani kwanza. Alipita moja kwa moja kwenye migomba, akaingia kwenye maharage bila kutazama chini, akasimama. "Ni hapa," akasema. Miaka yote ile ya kwenda na kurudi, miguu yake ilikuwa imepazoea. Elinami akakimbia kwa mchungaji akaleta mche. Maharage yalikuwa yametoa maua, naye kwa haraka zake akataka kuyang'oa apate nafasi.

"Yaache yakomae," mama akamwambia. "Umeshang'oa ya kutosha."

Akaupanda mche yeye mwenyewe, katikati ya maharage, kisha akafumba macho akaomba. Elinami alikuwa kando yake, akasikia. Mama alimtaja Manka, akamtaja Elinami, akawataja wajukuu mmoja mmoja, akamaliza kwa jina la Yesu. Kumbe ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema pale kila asubuhi baada ya kufagia, na mwanawe aliyeishi naye nyumba moja hakuwa amewahi kusogea karibu akayasikia. Hilo lilimuuma Elinami hadi uzeeni kwake. Aliendelea kuwa mzee wa kanisa, tena mkali wa ushirikina kama zamani, ila kabla ya kung'oa chochote katika nyumba ya mtu aliketi kwanza akauliza kilipandwa na nani.

Watu wa Uswaani wakayachukua maneno ya Mama Manka, na siku hizi wengi huyatumia kumsuta mtu mwenye pupa ya kuharibu. Yanafaa. Lakini aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa anasamehe, msilisahau hilo.

Haya, ndizi zimetosha. Elisante, mbona umeinama? Mdogo wako yuko kule nyuma ya banda, namsikia anavuta kamasi anaokota pamba yake kwenye matope. Habari za wapagani wa Ulaya mtaongea naye baadaye, na mimi mniite nisikilize, maana nina maswali. Weka hiyo peremende chini. Hapana, hata ndizi usimchukulie. Nenda hivyo hivyo, mjukuu wangu. Mng'oa sale huomba kwa mikono mitupu.