Uchukuzi wa Sufuria ya Shekuwe

Hadithi tena? Tangu asubuhi napepeta mchele, hakuna hata mmoja wenu aliyenipokea ungo, ila kuniamuru nisimulie mnajua. Haya, kaeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani palikuwa na mpishi wa karamu, jina lake Ngwali, maskini wa kutupwa, hana ila kibanda chake na mwiko. Sufuria yake ilikuwa imetoboka, na mpishi asiye na sufuria ni mwenye njaa kama wengine, ila yeye anajua mapishi. Basi siku moja akaja mnadi wa tajiri Shekuwe, wa mji wa Mkokoni. Tajiri huyu hakuwa na mazoea ya kuleta mali sokoni. Alimtuma mnadi atangaze sifa za mali tu, watu wapandishiane bei kwa kuamini maneno, kisha mali ije nyuma.

"Sufuria ya shaba!" akanadi mnadi. "Watu mia wanakula wakasaza! Haina tundu, haina kiraka! Nani atatoa?"

Ngwali akasema, "Pishi moja ya mchele." Hakuna aliyeongeza. Ikawa yake, akatoa pishi yake ya mwisho, akarudi nyumbani anajichekea njiani, zuzu yule.

Siku ya tatu sufuria ikafika juu ya punda mmoja, na nyuma ya punda Shekuwe mwenyewe, joho linaburuzika chini na kofia ya nyuzi za dhahabu kichwani.

"Ngwali, sufuria yako hiyo. Nipe pishi arobaini."

"Arobaini za nini, bwana? Nimenunua kwa moja, na hiyo moja anayo mnadi wako."

"Moja ni bei. Arobaini ni uchukuzi. Kama huna, nachukua kibanda."

Kumbe ndivyo alivyotajirika! Bei ilikuwa chambo tu. Ndoana ilikuwa uchukuzi.

Basi wakaenda mbele ya Sultani, na sufuria yao.

Sultani akauliza, "Shekuwe, punda mmoja anakula mchele wote huo?"

"Maulana, punda ameipokea hapo mjini tu. Kutoka Mkokoni kuna kilima, kuna tope, kuna mto. Wapagazi arobaini wamepokezana, kila mmoja pishi yake. Pungufu ya hapo sufuria haitembei."

"Waapa?" akauliza Ngwali.

"Naapa kwa ndevu zangu."

Sultani akashusha pumzi. "Ameapa. Ngwali, lipa, ama utoke kibandani."

Ngwali hakulia. Aliinama, akaipindua sufuria, na pale kitakoni pana kiraka kipana kama kiganja.

"Maulana, mnadi alisema haina kiraka. Desturi ya mnada wetu yasemaje?"

"Hata watoto waijua. Kitu kisichofanana na sifa zake hurudi kwa mwenyewe, mnunuzi hadaiwi kitu, na gharama ya kukirudisha ni juu ya muuzaji."

Ngwali akajitwika sufuria kichwani. "Basi mimi naanza safari ya Mkokoni. Bwana Shekuwe, nipe pishi arobaini."

"Wewe mtu mmoja? Kichwa kimoja?"

"Kilima ni kile kile, mto ni ule ule, na tope halijakauka. Pungufu ya hapo sufuria haitembei. Umeapa wewe, si mimi."

"Sufuria hiyo hata kitoto kinaibeba!" akapiga kelele Shekuwe. Neno lilipomtoka akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini wapi.

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia sikioni. "Chagua, Shekuwe. Kama uliapa kweli, lipa arobaini. Kama uliapa uongo, namwita kinyozi aje azinyoe ndevu zako."

Shekuwe alizipenda ndevu zake, sijui kwa lipi. Akalipa pishi arobaini, na sufuria akamwachia Ngwali, asije akadaiwa na ujira wa kuitua kichwani.

Ikawa jioni ile ile Ngwali akawasha moto uani, akapika, akaita mji. Wakala watu mia wakasaza. Katika hilo mnadi hakusema uongo. Shekuwe naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, akaketi pembeni kabisa, aona haya kusogea.

"Ngwali," akaita kwa sauti ndogo, "nami nipatie sahani."

"Karibu, bwana wangu! Chakula ni bure kabisa. Ila kutoka hapa jikoni hadi hapo ulipoketi kuna mafiga, kuna majivu, kuna paka."

Shekuwe akaitazama ile sahani inavyotoa moshi. Kisha akaivua kofia yake ya nyuzi za dhahabu, akailipa.